Mpaka Nywele Zishikike

Kazi yangu si ngumu kueleza. Nimeieleza kwa wanafunzi, kwa wanakwaya, kwa askari wa getini, na karibu wote waliondoka wakitikisa kichwa kwa kuelewa. Ninapenda sana kuona mtu akielewa. Naanza na maelezo hayo hapa pia, kwa sababu bila hayo huwezi kujua dada yangu alinyolewa kwa ajili ya nini.

Ubongo ukifanya kazi, hata kama ni kukumbuka tu mahali ulipoacha kisu, umeme mdogo hupita ndani yake. Palipo na umeme unaopita pana usumaku kidogo. Usumaku wa ubongo ni hafifu mno, lakini mfupa na ngozi haviuzuii. Hutoka nje ya kichwa. Siku hizi kuna vihisi vidogo, vya ukubwa wa kidole gumba, ambavyo huweza kuupima vikiwekwa karibu. Ushike hilo neno: karibu. Ukikisogeza kihisi nyuma kwa unene wa kidole, sehemu kubwa ya habari imeshapotea. Ni kama mtu anayekunong'onezea katikati ya soko la Chwele. Sikio likiwa mdomoni pake unamsikia. Ukirudi nyuma hatua moja unabaki na kelele za wauza mbuzi.

Vihisi vyenyewe havitoshi kufunika kichwa kizima, kwa hiyo lazima mtu achague viwekwe wapi. Nikifundisha hapa hutumia mabati. Mvua imekuja, mabati yanavuja, na wewe una sufuria chache. Tena tundu si lazima liwe juu ya pale tone linapoanguka, kwa maana maji hutambaa kwenye mbao kwanza. Basi unazipanga sufuria kwa namna ambayo, ukiangalia ipi imejaa na ipi ni kavu, utaweza kusema tundu liko wapi bila kupanda juu ya nyumba. Mabati ni kichwa, sufuria ni vihisi, na mimi hukaa na kompyuta nikitafuta mpangilio ulio bora.

Nilikuwa mwalimu wa fizikia Kitale kabla sijaingia katika kazi hii. Wenzangu wako mbali, ng'ambo, na wao ndio wenye vihisi na chumba maalumu kinachozuia usumaku wa dunia na wa magari. Hapa hatuna chumba hicho. Sehemu yangu ilikuwa vichwa. Kofia walizotengeneza zilipangwa kwa kufuata vichwa vya watu wa kwao, wenye nywele laini zinazolala. Niliwaandikia kwamba kofia hiyo ikivikwa mwanamke wa kwetu aliyesukwa, itakaa juu ya msuko kama kifuniko juu ya sufuria iliyojaa ugali, na vihisi vyote vitakuwa mbali na ngozi. Wakaniambia nilete vipimo. Nikapewa chumba nyuma ya chuo kimoja Kitale, na kifaa kinachofanana na pasi ndogo ambacho ukikizungusha kando ya kichwa cha mtu, kichwa hicho hutokea kwenye kompyuta.

Nilipima vichwa vingi vilivyosukwa. Nilichokosa ni kichwa kimoja cha kupimwa mara mbili, kwanza kikiwa na msuko, halafu kikiwa kimenyolewa kwa wembe, ngozi tupu, ili nijue msuko huo huo uliinua kofia kwa kiasi gani. Niliwaomba akina mama wa kwaya yetu. Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta.

"Mwalimu, unataka tusimame mbele ya kanisa tukiwa mayai?"

Hakuna aliyekubali. Kisha dada yangu akaja Kitale.

Yeye ndiye kifungua mimba wa mama yetu, na mimi ni wa mwisho. Alinisuka kila Jumapili jioni nilipokuwa shule ya msingi, kichwa changu kikiwa kimebanwa katikati ya magoti yake, akinipiga kwa kitana nikitikisika. Ameolewa upande wa Sirisia na huuza vitunguu Chwele. Mume wake ni dereva wa lori la mizigo kutoka Kitale hadi Lodwar. Siku hiyo alikuwa amemsindikiza mumewe asubuhi, lori likaondoka, naye akaja kwangu kupumzika kabla ya kurudi nyumbani kesho yake. Alikuwa amesukwa mistari minene, vizuri kabisa. Nilimpima hivyo alivyo. Halafu nikamwomba lile lingine.

"Wembe kabisa?" akauliza.

"Wembe. Hata vinywele vifupi vinainua kofia."

"Si mashine ya kinyozi inatosha?"

Nikamweleza kwa nini haitoshi. Nilimweleza vizuri. Nilitoa sufuria zangu jikoni nikazipanga sakafuni, nikamwonyesha tundu na tone, naye akafuata kila hatua, akauliza maswali mazuri, na mimi nikafurahi kuliko inavyopasa mtu kufurahi wakati mwenzake anatafuta mlango wa kutokea.

"Mama mkwe ataniuliza," akasema mwishoni.

"Utafunga kitambaa. Zitaota tu."

Aliniangalia kichwa. Nilikuwa na rasta nyembamba, zilizochukua kutwa nzima kusukwa, kwa sababu wiki iliyofuata nilikuwa na mkutano wa video na wale wenzangu wa ng'ambo.

"Na wewe hizo umesukwa lini?"

"Juzi tu."

"Zimekutoa vizuri," akasema, akaanza kufumua zake.

Kinyozi wa barabara ya nyuma alimkalisha, akamfunga shuka shingoni, akamtania. "Auntie, leo unaanza maisha upya ama?" Dada akacheka. Kitale mwanamke mwenye kipara si jambo. Wapita njia hawakugeuka. Mimi nilikuwa nimesimama kando nikihesabu akilini muda uliobaki kabla ya stima kupotea, kwa sababu mchana wa siku zile ilikuwa inapotea. Nilimrudisha chumbani haraka, nikakizungusha kile kifaa, na kichwa chake kikatokea kwenye kompyuta, kipara, kizuri, kila mwinuko wa mfupa unaonekana. Nilimwita atazame. Alitazama kidogo, akajishika kisogo.

"Nina baridi," akasema.

Sasa nieleze jambo ambalo nililijua. Nimezaliwa Kitale lakini nyumbani kwetu ni Matulo, na nimehudhuria mazishi ya kutosha. Kwetu, baada ya kuzika, kuna siku ya kunyoa. Wafiwa hunyolewa, na mjane hunyolewa kwa wembe. Watu wa kanisa siku hizi wamepunguza mengi, lakini hilo limebaki katika boma nyingi, na hata mahali ambapo halifanywi tena, macho yanalikumbuka. Nywele fupi hazina neno. Mwanamke anaweza kukata nywele kwa mashine akaenda sokoni, asiulizwe. Lakini mke wa mtu akitokea akiwa na kichwa kilichopita wembe, kinang'aa, hicho kinasema kitu kimoja tu. Nililijua hilo tangu utotoni. Siku ile lilikuwa mahali fulani kichwani mwangu na sikulifikia. Dada alilifikia, ndilo alilokuwa akinizungushia aliposema mama mkwe atamuuliza, na mimi nikamjibu kuhusu kitambaa.

Kitambaa alikifunga. Alishuka Chwele, akachukua bodaboda hadi njia panda ya kwao, na kutoka hapo akatembea akiwa na mfuko kichwani: sukari, mkate, mafuta ya kupikia, vitu ambavyo mtu hawezi kurudi bila kuwa navyo. Mama mkwe wake alimwona kutoka mbali, akaja kumlaki getini, akanyoosha mikono kumtua mzigo kama anavyofanya kila mara. Mzigo ulipoinuka, kitambaa kikainuka nao.

Yule mama angefikiri kidogo angejua haiwezekani. Hakuna kunyoa kabla ya kuzika, na hakuna kuzika mtoto wake bila yeye. Lakini mzazi wa dereva wa lori la Lodwar huwa ameshafikiri mengi siku nyingi kabla. Aliachilia ule mfuko ukaanguka, akapiga ukemi. Dada anasema hakuwahi kusikia sauti hiyo ikitoka kwa mama huyo, mtu mpole, mtu wa kunong'ona hata anapowafukuza kuku.

Majirani walikuja mbio. Dada alijaribu kusema, "Hapana mama, ni kipimo, ni kipimo cha mdogo wangu," na kadiri alivyosema hapana ndivyo walivyozidi kumshika mabega na kumwambia ajikaze. Wakampigia mumewe simu. Haikupatikana. Mtu yeyote anayejua barabara ya Lodwar anajua kwamba kuna sehemu ndefu isiyo na mtandao, lakini hiyo si habari unayompa mama anayelia. Alasiri nzima simu ilikataa. Viti vya plastiki vikaletwa. Sufuria kubwa za matanga zikaazimwa kwa jirani. Mzee mmoja akaanza kuuliza lori lilipinduka wapi.

Jioni jua likiwa bado lipo, simu ikaita. Alikuwa yeye mwenyewe.

"Mimi? Nimekufa? Bana, mimi niko hapa nakula mbuzi!"

Dada anasema watu walicheka, wakamshukuru Mungu, wakapiga makofi, kisha taratibu wakamgeukia yeye. Maana kama mwanamume yuko hai, basi mke wake amemnyolea akiwa hai, na hilo ni kama kumwitia kifo.

Alinipigia kesho yake asubuhi. Hakulia wala hakunilaumu. "Kuja," akasema. "Kuja uwaeleze. Si wewe ndiye unajua kueleza."

Nilienda nikiwa na kompyuta kwenye mkoba. Hilo nalikumbuka kwa aibu kubwa kuliko mambo mengine yaliyokuja kuonekana mabaya zaidi. Njiani nilikuwa napanga nitaanzia wapi. Niliamini kabisa kwamba watu hawa hawajakasirika ila hawajaelewa, na kwamba mimi, wa watu wote, ndiye niliyepewa kipaji cha kuondoa tatizo hilo.

Viti vilikuwa bado uani, na sufuria za matanga zimepangwa kando ya jikoni zikisubiri kurudishwa. Dada aliketi peke yake kwenye mkeka, kitambaa kimefungwa mpaka kwenye nyusi. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti karibu na mlango. Aliyeongoza mazungumzo alikuwa baba mdogo wa shemeji yangu, karani mstaafu, mtu wa heshima. Alinikaribisha, akaomba dua fupi, akasema, "Mwalimu, tuko tayari kusikia."

Nikaeleza. Ubongo, umeme, usumaku. Nilieleza kwa upole, bila haraka. Nilipofika kwenye kunong'ona sokoni baadhi walitabasamu. Ndipo nikaingia kwenye mabati, nikasema, "Sasa chukulia una sufuria chache," na watu wote, kama walioamriwa, wakageuza shingo kutazama zile sufuria kubwa kando ya jikoni. Nilisikia sauti yangu ikiendelea. Ilikuwa sauti ya darasani. Ilisema sufuria tena, na tena, kwa sababu mfano huo hauwezi kwenda bila hilo neno, na sikuwa na mwingine.

Nilipomaliza, baba mdogo alisema, "Tumeelewa." Na ninaamini walielewa. Ningependa iwe walishindwa.

Mama mkwe ndiye aliyesema baadaye, kwa ile sauti yake ndogo. "Hiyo kazi ilitaka kichwa cha mwanamke mwenye msuko."

"Ndiyo, mama."

"Na hizo zako ni nini?"

Mkono wangu ulienda kwenye rasta kabla sijauzuia. "Mtu hawezi kujipima mwenyewe, mama. Lazima mwingine ashike kile kifaa."

"Dada yako hana mikono?"

Kuna mtu alikohoa kuficha kicheko. Dada hakuinua macho. Nilikuwa nimesema uongo mdogo mbele ya watu walioshinda jana na msiba usiokuwepo, na jibu lilikuwa limekaa pale mkekani, na mikono yote miwili juu ya magoti. Kifaa kile ni chepesi. Ningemfundisha kukitumia kwa muda wa kuchemsha chai. Sikuwahi hata kulifikiria. Nilikuwa na mkutano, na nilikuwa nimependeza.

Nikasema jambo ambalo lilinijia kama wokovu. "Basi na mimi nitanyoa. Leo hii, hapa hapa, mbele yenu."

"Ukinyoa wewe tuseme nani amekufa?" akauliza. "Mama yako? Si yuko Matulo, mzima? Kaa chini, mwanangu."

Nikakaa.

Walishauriana kwa lugha ya nyumbani, na ingawa naijua sikuthubutu kuingia. Mwishowe mama mkwe akatoa neno lake. "Simfukuzi mke wa mtoto wangu. Lakini kichwa hicho hakilali hapa. Mtoto wangu aingie kwanza, nimwone akila. Huyu atarudi nywele zikishikika. Na nitazishika mimi mwenyewe."

Zikishikika, yaani zikikubali kusukwa. Hiyo si wiki mbili.

Kwa hiyo dada akaja kukaa kwangu Kitale. Binti yake wa mwisho alibaki Sirisia na bibi yake, kwa sababu ya shule. Mahali pake sokoni Chwele mwingine akaweka vitunguu vyake. Kila jioni mtoto alipiga simu ya bibi yake na kuuliza, "Mama, zimefika wapi?" kana kwamba nywele ni msafiri aliye njiani, na dada alimjibu, "Zimefika Kamukuywa," au "Zimekwama matope," na wote wawili walicheka, kisha dada akakata simu na kuketi akitazama ukuta.

Shemeji alipitia kwangu siku lori liliporudi kutoka Lodwar. Alisimama mlangoni, mtu mrefu mwenye vumbi mpaka kwenye kope, akasema kwa sauti ya juu, "Hodi! Nimekuja kumwona mjane wangu!" Dada akamrushia mwiko. Walicheka sana. Lakini alipokuwa akinywa chai niliona hakumtazama kichwani, na alipoondoka aliniambia kando, karibu na ndoo ya maji, "Shemeji, siku hiyo narudi niliendesha kama nimebeba mayai. Kila daraja nilisimama. Si kwamba naamini. Lakini ungekuwa wewe?" Akaenda Sirisia, akala mbele ya mama yake, sahani nzima. Tukaambiwa kwa simu kwamba amekula.

Niliyoyafanya baada ya hapo hakuna aliyenilaumu kwayo, na kwa sababu hiyo nimebaki nayo mwenyewe. Nywele za dada zilikuwa zinaota. Kwa kazi yangu, kichwa kilichonyolewa na kupimwa kila nywele zinavyozidi ni kitu cha thamani. Kinaonyesha hatua kwa hatua kofia inavyoinuliwa na habari inavyopungua. Nilivumilia kwa muda. Halafu siku moja, akiwa anachambua maharagwe, nikamuuliza kwa upole wangu ule ule kama ningeweza kumpima tena.

Hakuacha kuchambua. "Pima. Si kichwa ni chako."

Nikapima. Ningeweza kuandika hapa kwamba niliona haya nikaacha. Niliona haya nikapima, na baada ya muda nikapima tena. Vipimo hivyo ndivyo vilivyonipa jibu. Kompyuta ilipochukua kichwa chake chenye mistari minene na kuambiwa isipange vihisi kwa nafasi zilizo sawasawa, bali ivipeleke popote penye faida, ilivipeleka kwenye njia, yaani pale ngozi inapoonekana kati ya msuko na msuko. Ukitengeneza kofia yenye vihisi vinavyoteleza na kufuata njia hizo, mwanamke aliyesukwa hupimika karibu sawa na aliyenyolewa. Huhitaji wembe. Msusi akijua mapema unataka kupima upande gani, anaweza kuelekeza njia zipite hapo. Wenzangu walifurahi sana. Kwenye mkutano mwingine wa video walikionyesha kichwa kipara cha dada yangu kikizunguka polepole kando ya kile chenye msuko, na mmoja akaniuliza nilimpataje mtu wa kujitolea hivyo. Nikasema, "Ni mtu wa familia." Rasta zangu zilikuwa bado nzuri.

Nilimwambia dada jibu lenyewe jioni hiyo. Nilifikiri ana haki ya kulijua. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo haikuwa lazima kunyoa."

"Tusingejua bila kunyoa."

"Lakini wengine hawatanyolewa."

"Hapana. Hawatanyolewa."

"Sawa," akasema, akaendelea kupaka mafuta kichwani, akivuta vinywele vya utosini kwa vidole viwili kuona vinafika wapi. Sijui kama hilo lilikuwa faraja kwake. Nilitamani liwe, nikanyamaza; nilikuwa nimeanza kujifunza kunyamaza, kwa kuchelewa.

Siku tulipoenda Sirisia alikuwa na mfuko wa vitu, lakini kutoka njia panda aliubeba mkononi, akibadilisha mkono kila mara ulipomwuma. Nilimwomba nimsaidie akakataa. Tulipokaribia geti alisimama, akafungua kitambaa mwenyewe, akakikunja, akakitia kwenye mkoba wangu. Nywele zilikuwa zimejaa utosini, lakini nyuma ya masikio na kisogoni zilikuwa bado fupi. Nilikuwa nimeziona karibu kuliko mtu yeyote. Nilijua kwa vipimo zilivyo fupi, na nilijua kwamba tumekuja mapema mno. Hakuweza kungoja zaidi. Binti yake alikuwa ameacha kuuliza zimefika wapi.

Mama mkwe alikuwa ameweka kiti cha chini uani, mahali palipo na mwanga. Hatukupewa chai kwanza. Dada aliketi chini, katikati ya magoti ya yule mama, uso ukiwa umeelekea getini. Shemeji alikuwepo, na baba mdogo, na jirani mwenye zile sufuria. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni na sare ya shule, hakuruhusiwa kukimbia. Nilifungua mdomo kusema kitu, nadhani nilitaka kueleza kwamba nywele huota polepole zaidi kisogoni.

"Mwalimu," mama mkwe akasema bila kunitazama, "leo usitueleze."

Akagawa nywele kwa kitana. Akachukua kishungi cha utosini, akasuka, kikashika. Akasuka kingine, kikashika. Kisha akashuka karibu na sikio. Alianza mstari kwa vidole vyake vigumu, akavuta, na ulipofika katikati ukateleza, ukafumuka wenyewe. Akaanza tena. Ukafumuka. Nilisikia kuku wakichakura uani. Niliona mabega ya dada yakipanda, nikatazama chini, na nikiwa natazama chini nilikuwa najua urefu halisi wa nywele hizo, kwa sababu nilizipima Jumatatu.

Yule mama alikaa kidogo, mkono wake umetulia juu ya kichwa cha dada. Halafu akainua sauti kwa mjukuu wake.

"Wewe, lete uzi."

"Uzi gani, bibi?"

"Ule mweusi. Uko kwa kikapu cha nguo."

Mtoto akaleta. Kwa uzi, hata nywele fupi hushikika. Unazizungushia kutoka chini, unazibana, zinasimama. Kila mwanamke pale uani alijua hilo, na kila mmoja alijua kwamba hakuna aliyemlazimisha kuutumia. Alikata uzi kwa meno. Akazungusha, akakaza, dada akakunja uso kwa maumivu, na fungu la kwanza nyuma ya sikio likashika. Likafuata la pili.

"Unaumia?" mama mkwe akauliza.

"Kidogo, mama."

"Umia. Utajua ziko."

Shemeji akacheka kwanza, kisha wengine. Mtoto akaja kukaa kwenye miguu ya mama yake. Mimi nilipewa kidonge cha uzi nishike usijisokote, nikakishika muda wote, nikiukunjua kila uliponivuta. Hakuna aliyeniambia neno baya. Njia zilizobaki kati ya mafungu zilikuwa nyembamba, zimenyooka, ngozi inaonekana safi, na macho yangu yalizifuata yenyewe moja baada ya nyingine yakichagua mahali pa vihisi, mpaka nikayageuza kwenye uzi.

Alipomaliza alimpangusa dada shingo kwa kiganja, akamwinua. Mfuko ulikuwa pale pale getini dada alipouweka. Mama mkwe aliutazama.

"Mbona umeubeba mkononi kama mgeni?"

Yule mama akatembea mpaka getini, akauinua kwa mikono miwili, akarudi nao, akamtwika dada kichwani, juu ya zile nyuzi. "Haya. Ingiza vitu ndani."

Dada akaushika kwa mkono mmoja, akaingia, mtoto akimfuata. Nilibaki uani na uzi uliosalia. Baadaye kidogo mama mkwe akaniletea chai yeye mwenyewe, ya moto sana, yenye maziwa mengi, akasimama mbele yangu akingoja niionje. Nikanywa bila kuinua macho, na ikaniunguza ulimi, nikasema ni nzuri.